Pupusa zinapasuka, zinavuja, zinagandia kwenye chuma: tafuta chanzo hapa

Pupusa ni mkate bapa wa mahindi wa El Salvador. Hujazwa jibini, maharage, nyama ya nguruwe iliyosagwa au vyote kwa pamoja, ukaokwa juu ya chuma cha moto na kuliwa kwa mkono pamoja na kachumbari ya kabichi iitwayo curtido. Mwaka 2005 bunge la nchi hiyo liliitangaza rasmi kuwa chakula cha taifa na kuitengea siku yake, Jumapili ya pili ya Novemba. Viungo vyake ni vichache mno, kwa hiyo kosa dogo linaonekana papo hapo. Hakuna mchuzi wa kulificha.

Matatizo nimeyapanga kwa jinsi yanavyojitokeza jikoni. Katika kila moja naanza na chanzo kinachotokea mara nyingi zaidi na kitu chepesi cha kukagua, ndipo niende kwenye marekebisho ya kina. Ila usiruke sehemu inayofuata hata kama unajua tatizo lako. Malalamiko mengi ambayo watu huyabebesha moto, chuma au mikono yao, ukiyafuatilia yanaishia kwenye unga.

Kwanza, ni unga gani ulio nao?

Unga wa pupusa hautokani na mahindi makavu yaliyopelekwa mashineni moja kwa moja. Mahindi huchemshwa kwenye maji ya chokaa, yakalazwa humo usiku kucha, yakaoshwa hadi ganda litoke, ndipo yakasagwa yakiwa bado na maji yake. Mahindi yaliyopikwa hivyo huitwa nixtamal, na njia hii ni ya kale sana Amerika ya Kati. Chokaa hulegeza ganda la punje, na sehemu ya ganda hilo hugeuka kitu cha kunata kinachoushikisha unga. Vilevile huachilia vitamini B3 ambayo kwenye mahindi ya kawaida mwili hauwezi kuichukua vizuri. Bila hatua hiyo, unga hautashikana kwa maji ya uvuguvugu hata ukiukanda mpaka jioni.

Sembe na dona hazijapita kwenye chokaa. Kwa mpishi wa Afrika Mashariki hapo ndipo pupusa nyingi zinapovunjikia, na mikono yake haina kosa lolote. Angalia mfuko: unaoutaka umeandikwa masa harina, na kwenye orodha ya viambato utakuta mahindi na chokaa. Maseca ni chapa inayopatikana sehemu nyingi duniani. Kwa walioko Marekani kazi ni rahisi, hasa Los Angeles na kandokando ya Washington, D.C., ambako Wasalvador ni wengi na unga huu uko kwenye duka la kawaida. Harina P.A.N., unga wa mahindi meupe yaliyopikwa kabla ya kusagwa, hushikana vizuri lakini haujaguswa na chokaa. Utapata mkate mzuri usio na ile harufu ya pupusa.

Umekosa vyote? Una njia mbili. Ya kwanza, mwagia sembe maji yanayochemka, isonge kidogo juu ya moto mpaka ishikane, ifunike, na ikipoa ikande. Umbo litasimama, ladha itakuwa nyingine. Ya pili ndiyo ninayoipendelea: tumia unga wa mchele. Hapo hutakuwa unabahatisha, kwa sababu mji wa Olocuilta, kusini mashariki ya San Salvador, unasifika kwa pupusa za mchele. Unga wa mchele nao uukande kwa maji ya moto sana, kidogo kidogo, ukianza na mwiko na kumalizia kwa mkono. Ukitumia maji baridi utabomoka.

Kingo zinapasuka unapobonyeza

Tatizo hili ndilo linaloripotiwa kuliko yote, na karibu kila mara maana yake ni kwamba unga ni mkavu. Chukua donge dogo, libonyeze kiganjani hadi liwe bapa. Kingo zikichanika, maji hayajatosha. Unga ulio sawa una ulaini wa ndewe ya sikio: ukiubonyeza unaacha alama ya kidole na hauchaniki.

Anza na vikombe 2 vya masa harina, kikombe 1 na nusu cha maji ya uvuguvugu na kijiko kidogo 1 cha chumvi. Chukulia hicho kuwa mwanzo tu, maana kila mfuko una kiu yake na hali ya hewa nayo huchangia. Ongeza maji kijiko kikubwa kimoja kimoja, ukikanda kila mara, mpaka kile kipimo cha kiganjani kipite.

Ikiwa donge lilikuwa zuri ulipomaliza kukanda na sasa linapasuka, hukulipa muda. Masa harina hunywa maji taratibu. Ufunike unga kwa kitambaa kibichi kwa dakika 15, upime tena, na mara nyingi utaona unaomba vijiko viwili zaidi. Madonge yanayosubiri zamu nayo yafunikwe, kwani upepo wa feni unatosha kuyakausha ngozi ya juu.

Chanzo cha tatu ni mikono mikavu. Weka pembeni bakuli la maji yenye matone ya mafuta ya kula, na uchovye viganja kabla ya kila donge. Wauza pupusa hufanya hivyo bila hata kufikiri.

Mambo yote hayo yakiwa sawa na bado kingo zinachanika, rudi kwenye mfuko. Huenda si masa harina, au umekaa wazi muda mrefu mpaka ukachacha. Usikimbilie kuongeza unga wa ngano. Utashika, lakini utavutana na kuwa mgumu ukipoa. Na usiogope kukanda sana: mahindi hayana gluteni, ile protini ya ngano inayofanya unga uvutike, kwa hiyo huwezi kuukaza unga huu kwa kuukanda kupita kiasi.

Unga unanata mikononi

Ama maji yamezidi, ama hujachovya mikono kwenye maji na mafuta. Kagua la pili kwanza. Kama bado unanata, ongeza unga mkavu kijiko kimoja, kanda, subiri dakika 5. Watu hutia nusu kikombe kwa hasira, kisha wanarudi kwenye tatizo la kupasuka.

Vya ndani vinatoka kwenye chuma

Kwanza tofautisha. Jibini ikichungulia pembeni kidogo na kukaangika mpaka iwe kahawia na kavu, hilo si tatizo. Wengi huigombania sehemu hiyo. Tatizo ni pale pupusa inapofunguka tumbo na kumwaga kila kitu.

Sababu inayoongoza ni kujaza kupita kiasi. Kwa donge linaloenea kiganjani bila kumwagika, kijiko kikubwa 1 cha vya ndani, kisichofura sana, kinatosha. Ukishazoea utaongeza.

Inayofuata ni unyevu, na hapa inafaa kukaa kidogo. Maharage yawe yamepondwa na kukaangwa mpaka ukipitisha mwiko, chini ya sufuria pabaki wazi kwa muda kabla hayajarudi. Yakirudi mara moja, bado ni mchuzi. Jibini ya asili ni quesillo, laini na yenye kuvutika. Mbadala wake wa karibu ni mozarela ya kipande kikavu. Ile inayoelea kwenye maji itakuharibia kazi, na ile inayouzwa ikiwa imeshakunwa hupakwa wanga ili isishikane, kwa hiyo huyeyuka kwa ukaidi. Ikune mwenyewe. Jibini isiyoyeyuka, mfano panir, itabaki vipandepande vyenye kingo, na kingo hizo hutoboa unga unapobonyeza. Ukipata loroco, maua machanga ya mmea wa kutambaa yanayotiwa pamoja na jibini, na yakiwa ni ya chupa, yakamue maji yote kwanza.

Kisha fanya jambo ambalo wapishi wa nyumbani wengi hulisahau: kanda vya ndani. Kwenye pupusa ya mchanganyiko, ile iitwayo revuelta, jibini, maharage na chicharrón hupondwa pamoja hadi viwe rojo moja nzito. Chicharrón ya hapa si ngozi kavu ya kutafuna. Ni nyama ya nguruwe iliyopikwa mpaka ikaangike kwa mafuta yake, ikasagwa laini pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili hoho. Kwa asiyekula nguruwe, jibini na maharage peke yake ni pupusa kamili, na kuku aliyepikwa akachambuliwa laini anafaa pia. Kinachotakiwa ni kwamba ulaini wa vya ndani ukaribiane na ulaini wa unga, ili ukibonyeza vyote viwili vienee kwa pamoja.

Sababu ya tatu ni ufumbaji. Shika donge kwenye kiganja cha kushoto, zamisha gumba la kulia katikati, na uzungushe ukipandisha kuta hadi upate kikombe chenye unene ulio sawa pande zote. Watu huchimba mno. Chini hubaki pembamba na hapo ndipo panapopasuka. Weka vya ndani, visukume chini kwa kidole, kisha vuta kingo kuja juu na kuzikusanya. Ukiona kifundo cha unga kimezidi pale juu, kikate ukirudishe bakulini, la sivyo upande mmoja utakuwa mnene usioiva. Sasa bonyeza ukihamisha kutoka kiganja hadi kiganja, ukizungusha kidogo kila mpigo, mpaka ifike upana wa sentimita 12 hivi na unene wa sentimita 1. Kwa anayeanza, ibonyeze katikati ya karatasi mbili za nailoni kwa sahani bapa. Ikitoboka, bandika kipande kidogo cha unga kilicholowa na ulainishe kwa kidole.

Nje imeungua, ndani bado mbichi

Moto ni mkali mno. Chuma kinatakiwa kiwe cha moto wa wastani unaoelekea juu: tone la maji lichemke na kukauka kwa sekunde chache. Likirukaruka na kutoweka papo hapo, punguza na usubiri kidogo kabla ya kuweka nyingine, maana chuma kizito hakipoi haraka. Upande mmoja huchukua dakika 3 hadi 4. Geuza ukiona madoa ya kahawia na kingo zimebadilika kutoka ung'avu wa unga mbichi kuwa weupe mkavu.

Kama moto uko sawa, pima unene. Pupusa ya sentimita 2 haiivi katikati kabla ya kuungua nje. Mwisho, vya ndani vilivyotoka kwenye friji sasa hivi huchelewesha kila kitu. Vitoe mapema kidogo, lakini nyama isikae nje zaidi ya saa 2.

Pupusa nyingi zilizoiva hufura kidogo juu ya chuma, mvuke ukitafuta pa kutokea. Ukiiona inainuka, iko tayari. Isipofura lakini imeshika rangi na haina ubichi ndani, haina kasoro. Ilitoboka mahali na mvuke ukapita.

Acha kabisa hapa: nyama mbichi haijazwi kwenye pupusa. Dakika hizo chache ni za kuivisha unga na kuyeyusha jibini tu. Kuku, kamba au nguruwe, kila kitu kiingie kikiwa kimeiva. Maharage mekundu pia yana sumu yake yakiwa nusu mbichi. Yaloweke, mwaga maji ya kulowekea, na yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto na kuendelea mpaka yalainike.

Inagandia kwenye chuma

Chuma hakijapata moto wa kutosha, au umegeuza mapema. Pupusa ikishika ganda la chini huachia yenyewe, kwa hiyo ikikataa kutoka isubiri nusu dakika badala ya kuikwangua. Kisha angalia mabaki. Jibini iliyovuja kwenye pupusa ya kwanza hugandisha ya pili na ya tatu, basi futa kwa kitambaa chenye mafuta kila baada ya moja. Chuma cha chapati kilichozoea kazi kinafaa sana. Kikiwa kipya, kipake mafuta membamba, kichome hadi kitoe moshi, kiache kipoe, na urudie mara kadhaa.

Comal ya udongo, chombo cha asili cha kazi hii, hupakwa maji ya chokaa juu yake kisha ikakaushwa kwa moto, na hapo unga haugandi. Ipashe polepole. Ukiirushia moto mkali au maji baridi ikiwa imeshika moto, itapasuka.

Kuna dalili moja isiyohusu pupusa kabisa. Ukiona moto wa gesi ni wa njano na sufuria zinapata masizi, zima. Ikiwa ni tundu za jiko zimeziba kwa unga au mafuta, zisafishe jiko likiwa limepoa. Moto usiporudi kuwa wa bluu, ita fundi wa gesi. Ukinusa gesi usiwashe kiberiti wala swichi. Funga mtungi, fungua madirisha, toka nje, na fundi aje kabla hujawasha tena.

Zinakuwa ngumu zikipoa

Moto mdogo mno ndio unaoshutumiwa mara chache na ndio wenye kosa mara nyingi. Pupusa iliyokaa dakika 15 kwenye chuma vuguvugu imekaushwa, haijaokwa. Halafu kuna kuziacha wazi kwenye sahani. Zipange ndani ya kitambaa safi kwenye kikapu au hotipoti, zitalainishana kwa mvuke wao. Za jana zirudishe kwenye chuma kikavu, moto wa wastani, dakika 3 kila upande. Maikrowevu huzifanya laini kwa muda mfupi, kisha zinakuwa ngumu kuliko mwanzo.

Umechemsha mahindi mwenyewe na kuna kitu hakijakaa sawa

Kipimo cha kuanzia ni gramu 10 za chokaa ya chakula kwa kilo 1 ya mahindi meupe makavu na lita 3 za maji. Pika kwa moto wa taratibu dakika 30 hadi 45, ulaze usiku kucha, osha.

Ganda halitoki ukisugua punje kati ya vidole: chokaa imepungua, imezeeka kwa kukaa wazi, au mapishi yalikuwa mafupi. Rudisha motoni kwenye maji yaleyale dakika 15, kisha ujaribu tena. Unga una rangi ya njano na ladha ya sabuni: chokaa imezidi, au hukuosha vya kutosha. Osha mara mbili tatu zaidi. Kama tayari umesaga, hakuna dawa. Unga ni rojo la maji: umetumia blenda ukaongeza maji ili visu vizunguke. Mahindi haya husagwa yakiwa bado na maji yake, na mashine ya kijijini ya kusaga unga mkavu huziba. Mashine ya mkono ya kusagia nyama, ukiyapitisha mara mbili au tatu, hutoa unga unaokandika.

Watu huuliza kuhusu magadi, kwa kuwa ndiyo tunayoyatia kwenye makande. Magadi hulainisha ganda, ni kweli, lakini hayaleti kalsiamu ya chokaa, ladha yake ni nyingine, na unga haukamatani vilevile.

Chokaa isiyoandikwa kuwa ni ya chakula isiingie sufuriani, na ya ujenzi hasa usiiguse. Vaa glavu. Vumbi lake likiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 na uende hospitali moja kwa moja, usisubiri kuona kama litatulia. Mahindi yenye ukungu, punje zilizobadilika rangi au harufu ya uvundo yatupwe yote, usiyachague. Sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha, na chokaa huipunguza tu bila kuimaliza. Kenya mwaka 2004 ilipoteza watu 125 kwa mahindi ya namna hiyo. Mtu aliyekula mahindi ya mashaka kisha macho yakawa ya manjano au tumbo likaanza kujaa maji, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Curtido imelegea au ina utelezi

Kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti, kitunguu, oregano kavu, pilipili, siki na chumvi: hiyo ndiyo curtido. Ikilegea, ulimwagia maji ya moto na kuyaacha muda mrefu. Dakika 1 inatosha, kisha chuja na upoze kwa maji baridi. Ikikosa ukali, haijakaa. Ipe saa chache kwenye friji, au mpaka kesho yake. Ile ya kuchachusha bila siki lazima kabichi yote izame chini ya maji yake ya chumvi. Povu dogo na harufu ya uchachu ni dalili njema. Utelezi, ukungu wa rangi yoyote, au harufu ya kuoza ni dalili ya kuitupa, na chombo kioshwe kwa maji ya moto kabla ya kutumika tena.

Mchuzi wa nyanya unaomwagiwa juu ukiwa mwepesi mno, uchemshe bila kifuniko hadi ufunike mgongo wa kijiko. Usiukoleze chumvi sana, kwa sababu curtido na jibini tayari vina chumvi ya kutosha.